Anjelina Aliniomba Asipelekwe Mbau

Siku ya kwanza nilipoingia idarani pale chuoni, Mkuu wa Idara, mama wa makamo aliyesema polepole, alinikuta nimeshapanga vitabu mezani. Akaniambia, "Hivi wanafunzi watavisoma wenyewe, Mwalimu. Kazi yako ni kuwafundisha kukaa na mtoto anayelia bila kumkatiza." Nilikuwa kijana wa Mocímboa da Praia, mji wa bandari wa kaskazini, nimetoka kusomea saikolojia, nikadhani ananitania.

Tulifundisha washauri wa shule, yaani wale wanaomwita kando mtoto aliyeacha kusoma, au kusema, au kula, wakatafuta kilichompata. Kwanza walijifunza kusikiliza. Kisha kujaza ficha, yaani karatasi ya habari za kila mtoto, ambayo hata mkurugenzi wa shule haoneshwi bila ridhaa. Nilianza kama msaidizi wa kusahihisha ficha, nikapewa darasa, na miaka mingi baadaye nikafanywa msimamizi wa estágio, mazoezi ya kazi. Mwanafunzi alikaa shule moja muhula mzima, na kila wiki alinipigia simu kunieleza yaliyomlemea. Orodha ya nani aende wapi niliipanga mimi.

Anjelina alikuwa wa darasa langu la mwisho. Wazazi wake, Wamakonde, waliteremka kutoka uwanda wa juu zamani, na mama yake aliuza samaki wakavu bandarini Mocímboa. Binti alijua Kimakonde, Kimwani, Kiswahili na Kireno, na watoto walimwambia mambo ambayo sisi tuliyatafuta mwezi mzima tusiyapate. Kwenye orodha nikamwandikia shule ya Mbau, kijiji cha upande wa Mocímboa.

Akaja ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba unibadilishie Mbau. Huko watu wanahama kwa ajili ya vita."

"Marahaba, mwanangu. Unaogopa?"

"Naogopa."

Nikamwambia kwamba watoto wenye hofu ndio wanaomhitaji mshauri, na kwamba nikimwondoa yeye nitampeleka mwingine asiyejua hata kuwasalimia. Yote yalikuwa kweli. Hakubisha. Alisema, "Haya, Mwalimu," akafunga mlango taratibu.

Mara ya mwisho alipopiga simu alinieleza juu ya mtoto aliyekataa kuvua begi mgongoni darasani, ili akikimbia awe tayari. Nikamshauri asimlazimishe. Wiki iliyofuata simu haikulia. Mbau ilikuwa imevamiwa. Waliofika mjini kwa miguu walisema walimwona Anjelina akiingia msituni na watoto wa shule. Tangu hapo hajulikani alipo.

Mkurugenzi wa Kitivo aliandika barua ya pole. Akanipa, akasema, "Mpelekee mama yake. Lakini usiingie kwenye habari za nani alipangwa wapi. Sema ni vita."

Mama Anjelina nilimkuta katika kituo cha waliohama, anachambua matembele. Barua hakuifungua.

"Mwalimu, mwanangu alitaka kwenda kule?"

Nikaanza kama nilivyofundisha, kumrudishia swali. "Mama, kwa nini unauliza hivyo?"

"Usinifanyie hivyo. Mimi si mwanafunzi wako."

Nikasema, "Hakutaka. Aliniomba nimbadilishie, nikakataa."

Mikono yake ikasimama juu ya majani.

"Siku anaondoka nilimtukana," alisema. "Nilidhani amenichoka, anatafuta mahali pa kunikimbia. Hakunijibu kitu. Alibeba mzigo wake akaenda."

Nikasema, "Pole, mama," neno lile lile la barua.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Sasa nenda, Mwalimu. Na usirudi."

Nilistaafu mwaka uliofuata. Kabla sijaondoka niliacha agizo moja kwa aliyenirithi: mwanafunzi akikataa shule aliyopangiwa, abadilishiwe, asiulizwe sababu. Anasema analifuata. Vijana bado wanakuja nyumbani kuniuliza jinsi ya kumfariji mtu aliyepotelewa na mtoto asiyezikwa. Nawaambia ninachokijua, nacho si kingi. Wengine huandika hata pale ninaponyamaza.

Mama Anjelina hajakaa matanga. Lori la watu wanaotoka kaskazini likifika, huacha anachofanya akaenda kuwatazama wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Na mimi huenda. Nasimama upande wa pili wa barabara, asinione.