Chumvi Iliyomfuata Baba

Juzi, hapa Eagan, huku ughaibuni, nilikuwa nikiosha gari kwa maji moto, kutoa ile chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Mvuke uliponipiga usoni nikamkumbuka baba, alasiri moja ya utoto wangu jikoni, akimimina maji ya birika ndani ya mtutu wa bunduki.

Alikuwa ametoka kulenga shabaha kwa risasi kuukuu za jeshi, zile za bei rahisi. Hata koti alikuwa hajavua.

"Birika langu la chai, Baba Zuhura!" mama alilalama.

"Risasi hizi zinaacha chumvi. Nisipoiosha sasa hivi, kesho ni kutu. Kwetu Mombasa chumvi ilikula hadi nondo za madirisha."

Mombasa nilikuwa sijaiona. Nikaamini chumvi ile imetoka huko kwao, imemfuata mpaka huku. Nikasogeza pua kwenye mvuke wa mtutu, nikiitafuta bahari, nikapata harufu ya baruti. Baba akacheka, akanifuta masizi puani.

Leo najua chumvi ilikuwa ya risasi tu. Baba tumemzika huku huku, mbali na bahari. Lakini juzi, kando ya gari, niliinama kwenye ule mvuke, nikaitafuta tena.