Mbuzi Bado Hajanona

Mwezi wa saba Kitengela hauna adabu. Upepo unatoka mbugani, unapita juu ya machimbo ya mawe, unabeba vumbi lote la huko na kuja kulimwaga shambani kwangu. Jua likitoka, linatoka saa nane kututazama tu, kisha linarudi kulala. Nyanya zangu hukataa kuiva kabisa. Ndiyo maana niliandika kwenye kibao cha langoni: "Kilimo hai. Tunakula kwa msimu." Maana yake ni kwamba kuna sukuma wiki.

Kuna sukuma ya kawaida, kuna ile ya majani yaliyojikunja, na kuna ile ya zambarau ambayo wateja wa Nairobi huipiga picha kabla ya kuinunua. Nikibanwa sana naongeza mboga ya managu. Wateja hao huja Jumamosi na buti ambazo hazijawahi kuonja matope, wanavuta hewa na kusema hapa kuna amani. Mimi natetemeka ndani ya jaketi mbili na kukubali.

Mwaka mmoja tulimzika mama baada ya Pasaka. Baba akabaki Mashuuru peke yake, katika nyumba ambayo hakujua hata kiberiti huwekwa wapi. Nilimsihi aje akae nami mpaka baridi iishe, akakataa, nikamsihi tena, akakataa. Halafu siku moja akashuka langoni kutoka kwa pikapu ya jirani, amejifunga shuka mbili, anavuta mbuzi kwa kamba. Niliinamisha kichwa kumsalimia, akaniwekea kiganja utosini, na nusura nilie hapo hapo.

"Nimekuja kukusalimia tu," akasema. "Tuchinje huyu, halafu nirudi kwa ng'ombe zangu."

Nilimtazama mbuzi. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabara ya Namanga. Baba naye akamtazama, akaona haya, maana mtu haendi kwa binti yake na mifupa.

"Huyu atatutia aibu. Wacha anone kwanza."

Kwa hiyo baba alikaa kwa ajili ya mbuzi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wangu nilimpa, akalisimika chini na kumfungia mbuzi kamba.

Chakula kikawa vita. Nilimpakulia ugali na sukuma, nikamhubiria juu ya mboga zisizopigwa dawa. Alisikiliza mahubiri yote kwa heshima, kisha akasukuma sahani.

"Enkerai, mtoto wangu, nyasi ya Mashuuru haijapigwa dawa tangu Mungu aiumbe, na hakuna mtu alikuja kutupiga picha." Akanywa chai. "Mimi nakula majani, lakini lazima ipitie kwa mbuzi kwanza."

Na kweli ikapitia. Kila asubuhi nilimkuta kwenye ile sukuma ya zambarau, anachuma majani laini kuliko yote na kumlisha mbuzi wake. Nilimwambia hayo yameshaagizwa na wateja. Akasema mbuzi pia ni mteja, na hajawahi kulalamika. Kisha akambonyeza mgongoni, karibu na kiuno, akasema, "Bado."

Mwanzoni nilimwomba Mungu mbuzi anone upesi, niokoe shamba. Lakini asubuhi moja nikiwa mlangoni mwa jikoni nilimsikia baba akizungumza na yule mbuzi kwa Kimaa, lugha yetu. Alikuwa anamsimulia habari za mama, jinsi alivyokuwa akimgombeza baba kwa kuacha geti la zizi wazi. Alicheka kidogo, akampa jani jingine. Nikarudi ndani polepole. Nyumba ile ya Mashuuru ilikuwa inamngoja, na kilichokuwa kimesimama katikati ni mbuzi.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwogopa mnyama yule. Mimi, mhubiri wa lishe bora, nikawa nachuma majani mazuri alfajiri na kuyaficha, nikimwachia mbuzi yaliyogeuka manjano. Nilimwambia baba ni wadudu. Haikusaidia. Mbuzi alinona kwa manjano, akang'aa, mpaka tumbo likawa linatangulia mlangoni. Baba alimbonyeza kama kawaida. "Bado."

Jumamosi moja akaja mteja wangu wa siku nyingi, mama mpole wa Nairobi, kuuliza stroberi. Nilimwonyesha kibao. Akapumua, akachukua sukuma, ndipo akamwona mbuzi.

"Na huyo pia ni oganiki?"

"Anakula kile unakula," nikamjibu.

"Na vile amenona! Mnachinja lini?"

"Bado," akasema baba.

"Bado," nikasema mimi, sauti zetu zikagongana.

Yule mama alitutazama, kisha akamtazama mbuzi, ambaye alikuwa amelala chini kwa sababu kusimama kulimchosha. Baba akarekebisha shuka yake. Mimi nikafunga upya sukuma ambayo ilikuwa imefungwa vizuri. Hatukuangaliana.

Jioni nilipakua ugali na maharagwe, na sukuma yangu pembeni. Baba akasogeza sahani yake karibu.

"Niwekee hiyo majani kidogo," akasema. "Mbuzi ameshiba."