Laini Nane za Mizani

Nakiri mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na akina mama wanaopeta mchele kinuni kwetu Ifakara, maana wao huongeza chumvi.

Kinu kilinunua seva yenye matundu manane, ikafungwa kwenye kabati la chuma ili iunganishe mizani yetu yote na kompyuta ya meneja. Meneja aliniahidi ajira ya kudumu nikiisimamia vizuri, nami nimeshatangatanga vya kutosha. Fundi akapiga simu: “Kaka, chomeka laini zote nane, nikifika nawasha tu.”

Siku hizi laini ni ile kadi ya simu. Nikamwendea Mama Rehema, mmoja wa wale wapetaji, na wenzake saba kuazima laini zao. Mama Rehema akaitoa yake akinung’unika, “Mwanangu akinikosa hewani, utamjibu wewe.” Nikazisukuma zote mpaka ndani kabisa, moja kila tundu.

Fundi alipofika akachungulia tundu la kwanza, kisha la pili. “Kaka, nyaya za mizani ziko wapi?”

“Ulisema laini.”

“Nyaya ndizo laini.”

Akina mama wakaangua kicheko. Sikuinamisha kichwa. “Nilikulia kando ya reli Mlimba,” nikasema, “laini ikiwa waya wa simu juu ya nguzo. Nyinyi ndio mlioigeuza kadi. Leo mnaitaka iwe waya tena?”

Meneja, aliyesikia yote, akanipa kibano kidogo. “Ajira ya kudumu tutaiongelea ukimaliza kutoa laini za watu.”

“Anza na yangu,” akasema Mama Rehema.