Kioo Chenye Utepe wa Bluu

Jamani, mpaka leo nikipita Kalinzi naona aibu, na si aibu ya kuchekea.

Baba mkwe, akiumwa pale kwangu Katubuka, aliniomba jambo moja: "Nikifa, unirudishe kwetu Kalinzi kwa gari lako. Kimyakimya, sitaki makelele." (Alikuwa mpole, hata redio aliisikiliza kwa sauti ya chini.) Nikamwahidi.

Siku anafariki, kioo cha mbele cha Noah yangu kilikuwa na ufa toka pembe hadi pembe, nikakimbilia Ujiji kwa Mrisho, fundi anayeuza vioo vilivyong'olewa kwenye magari mabovu. Vilikuwepo viwili: kimoja cha Noah kabisa, ila kina mikwaruzo, kingine cha gari jingine, kinang'aa, kina utepe wa bluu kwa juu, na mimi nikawaza ukweni watakavyoniona naingia, nikakishika hicho.

"Hicho kifupi kwa gari lako, kaka," Mrisho akasema. "Nitakibana kwa gundi, lakini gundi haikauki leo. Vioo vya milango viache wazi, na usibamize mlango, hewa ikibanwa ndani itakisukuma nje."

Nikaitikia. Kesho yake tukapandisha Kalinzi na jeneza, vumbi jekundu likaingia, mama mkwe akawa anakohoa siti ya nyuma, nikamwonea huruma nikafunga vioo vyote.

Tulipofika, uwanja mzima ulikuwa kimya. Jeneza likashushwa, katekista akaanza sala, nami nikaona mlango wa nyuma umebaki wazi, nikaushusha. Sikubamiza sana (nadhani). Kioo cha mbele kikachomoka kizimakizima, kikateleza juu ya boneti na kuanguka kwenye mawe kwa kishindo kilichofanya mbuzi wakate kamba. Katekista akakatiza sala. Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Nikampigia magoti mama mkwe. "Mama, nisamehe. Mzee aliniomba kimya."

"Alitaka kufika kwake," akasema. "Amefika. Inuka ukambebe."

Nikambeba.

Nilirudi peke yangu, upepo wote usoni, moja kwa moja hadi kwa Mrisho, nikachukua kile chenye mikwaruzo. Ndicho ninachoendeshea hadi leo, na sitachagua tena kioo kwa ajili ya watu watakaokitazama kwa nje. Mrisho aliyaona macho yangu mekundu, akaniambia, "Pole na vumbi, kaka."

Nikamwambia asante, nikaacha iwe vumbi.