Karatasi ya Pili ya Hesabu

Siku Sora alipokabidhiwa bunduki ya serikali, hakuna aliyemuuliza alipata nini katika Hesabu. Walimtazama mabega, wakamuuliza kama anajua kulenga, basi. Akatoka hapo akiwa homgadi, askari wa akiba wa kijiji kizima cha Waorma wafugaji, mwendo wa baiskeli kutoka Garsen, na kijijini hapo bunduki ya halali ilikuwa hiyo moja tu. Anayetaka kufundisha watoto kusoma a, e, i hudaiwa vyeti na mihuri. Wa kuua, mabega yanatosha. Ndivyo mambo yalivyokuwa Tana River miaka hiyo, na asiyeamini aulize waliokuwako.

Mtu wa kwanza aliyemuua alikuwa jambazi. Yeye na wenziwe walivamia duka la Farah mchana kweupe, wakampiga mwenye duka kwa kitako cha bunduki mpaka meno yakamwagika juu ya mchele, wakabeba walichobeba. Sora akawafuata vichakani, akafyatua. Risasi ikamwingia mmoja tumboni na wenziwe wakamkimbia. Yule mtu hakufa upesi. Alilala ameshikilia matumbo yake kwa mikono miwili, akiomba maji kwa sauti ya adabu kabisa, kama mgeni aliyepiga hodi. Sora akamnywesha kutoka kibuyu chake mwenyewe mpaka akakata roho. Kijiji kilimchinjia Sora mbuzi kwa ushujaa huo. Nyama hakuila. Alimwambia mkewe, Qabale, kwamba afadhali ashike chaki afundishe hata hao mbuzi kuliko kushika tena kile chuma.

Chuo cha ualimu kingemchukua, ila Hesabu ilimkalia njiani. Alikuwa ameanguka vibaya kidato cha nne, na dawa ilikuwa moja: kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kibinafsi. Basi akajiandikisha katika shule ya sekondari Garsen, mwanamume mzima mwenye ndevu na mke, tayari kufanya mtihani pamoja na watoto waliovaa sare. Wazee wa kijiji walicheka mpaka wakapaliwa na chai. "Homgadi yetu nataka kuwa mtoto tena," walisema. Yeye akafungua daftari lake. Alijua anachokitaka: akipita, anairudisha bunduki kwa wenyewe na hamuui mtu tena maishani mwake.

Wa kumfundisha alimpata ng'ambo ya mashamba, kwa Wapokomo, wakulima wa kando ya mto. Mwalimu Asenath alifundisha shule ya msingi ya huko, mama mfupi, mkali, asiyeogopa mtu. Siku ya kwanza Sora alipofika na silaha begani, alisimamishwa mlangoni mwa nyumba.

"Hiyo ilaze nje," Asenath akamwambia. "Humu ndani watoto wangu hucheza."

"Mwalimu, hii naweza ibiwa."

"Basi keti hapo kizingitini uilinde, nami nitakufundishia hapo hapo."

Wakafanya hivyo mwaka mzima, yeye ameketi kizingitini, bunduki nje ya mguu wa kushoto, daftari juu ya paja la kulia. Asenath alimpitisha kwenye milinganyo na pembetatu bila huruma. Siku moja, katika mazungumzo, akagundua kwamba Waorma hawahesabu ng'ombe wao. Kumnyooshea mnyama kidole, huyu wa kwanza, huyu wa pili, ni kumwitia balaa. Mchungaji husimama mlangoni mwa zizi jioni, akawatupia jicho wakiingia, na akamjua asiyekuwepo.

"Kumbe!" Asenath akapiga makofi. "Nimekuwa nikijiuliza ulianguka vipi. Sikujua mlikatazwa na mizimu."

Aliyecheka zaidi ni mumewe, Komora, mkulima aliyekuwa akirudi na jembe kutoka mtoni. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamemfagilia shamba lote, akapanda upya migomba na mahindi kando ya maji. Mwanzoni hakumpenda Mworma mwenye bunduki mlangoni pake, na alikuwa na haki yake. Lakini mtu akikalia kizingiti chako mwaka mzima, inabidi umruke au umzoee. Komora akamzoea.

"Wewe mwanafunzi," akamwambia, akimwonyesha mgomba mmoja uliokuwa karibu na jiko. "Ukipita, mkungu wa kwanza wa mgomba ule ni wako. Ukianguka tena, nawalisha nyani."

Kisha kiangazi kikaingia. Malisho yakakauka, visima vikawa matope, ng'ombe wakawa hawana pa kunywa ila mtoni. Na kwenda mtoni ni kupitia malka, njia ya mifugo inayokatiza mashamba, na wakulima walikuwa wameibana kwa mahindi pande zote mbili kwa sababu nao walikuwa na njaa. Ng'ombe mwenye kiu haulizi mpaka wa mtu. Waliingia mahindini, wakalaaniwa, wakarushiwa mawe. Mwishowe zikatoka panga.

Guracha, mdogo wake Sora kwa baba na mama, ndiye aliyechunga ng'ombe wa nyumba yao. Sora alimkuta malkani akilia kwa sauti, amemkumbatia shingo ng'ombe mwekundu wa mama yao. Mnyama alikuwa amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, akijaribu kusimama na kuanguka, kusimama na kuanguka, damu ikichanganyika na mkojo. Guracha akachomoa kisu, akasema bismillahi, akamchinja. Aliposimama, uso ulikuwa si wake.

"Hawa watu nakata ng'ombe yetu," akamfokea kaka yake, "na wewe nakwenda kwao kusoma?"

Wakati huo vijana wa pande zote mbili walikuwa wameshafika, hawa na mikuki, wale na panga. Jiwe likampasua mtu paji la uso. Mkuki ukamwingia mwingine pajani. Sora akapanda kichuguu, akafyatua angani, halafu akaielekeza bunduki kwa watu wake mwenyewe na kuwaapia kwamba wa kwanza kuinua mkono atamlaza. Wakarudi nyuma wakitukana. Wapokomo nao wakarudi. Siku hiyo chuma kile kilifanya kazi njema, nami siwezi kukinyima haki yake.

Mtihani ukaja. Shuleni kulikuwa na polisi wa kulinda karatasi, nao walimwambia wazi kwamba hakuna silaha kupita langoni. Karatasi ya kwanza ya Hesabu ilipofika, Sora akaiacha bunduki kituoni Garsen, akaingia, akaandika. Lakini macho ya watu ni mengi. Saa hizo hizo wezi wakajua kijiji kiko mikono mitupu. Wakaswaga mbuzi, na mchungaji aliyewakimbilia, mzee Dadacha, wakamkata mkono hadi mfupa ukaonekana. Sora aliporudi jioni alikuta wanawake wakiufunga mkono ule kwa shuka, na wazee wakimsubiri.

"Hiyo bunduki ilipewa kijiji," wakamwambia. "Haikupewa shule. Wewe nenda, yenyewe nabaki."

Hapo ndipo alipokosea, na kwa haki, sijui mtu wa kwao angefanya nini kingine. Bunduki ya homgadi haiachwi kwa yeyote. Sheria ndivyo ilivyosema, na aliiwekea saini. Lakini kwa Waorma mkono wa ndugu wa tumbo moja si mkono wa mtu mwingine. Asubuhi ya karatasi ya pili alimpa Guracha.

"Isitoke ndani ya boma," akasema. "Wezi wakija, piga juu. Apa."

"Wallahi," akasema Guracha.

Sora akapanda baiskeli.

Nasema kweli, siku hiyo Hesabu ilimfungukia. Alisoma swali la kwanza na kusikia sauti ya Asenath ikimgombeza, akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya msimamizi. Pembetatu zikakaa sawa. Milinganyo ikatoka. Aliimaliza karatasi yote, akairudia, akaiweka kalamu chini na kufuta mikono kwenye suruali. Aliona chaki. Aliona darasa. Alitoka langoni akiwa mwepesi kuliko siku zote tangu yule jambazi amwombe maji.

Nje, watu walikuwa wakikimbia kuelekea kituo cha polisi. Farah, mwenye duka, alikuwa katikati yao, akamwona Sora na kusimama. Alimshika mkono, mdomo wake usio na meno ukiwa wazi.

"Malkani," akasema. "Sora, nenda. Lakini usiende."

Alikwenda. Habari aliziokota njiani, kipande kwa kipande. Guracha alikaa bomani mpaka jua likawa kali, ng'ombe wakalia kwa kiu. Akawatoa, na akatoka na bunduki. Ndama mmoja akaingia shambani. Mwenye shamba akamtoa kwa ubapa wa panga, akimpiga tu, hakumkata. Guracha akaliona panga likipanda na kushuka. Aliyekuwa akimwona hapo ni ng'ombe mwekundu. Akapiga, na hakupiga juu. Risasi ikamvunja yule mwanamume shingo. Kabla moshi haujatulia vijana wa shamba walikuwa wameshamrukia Guracha. Walimkata mikono kwanza, kisha kichwa, na hata alipokuwa ameshakufa waliendelea kukata.

Sora alimkuta ndugu yake kwenye tope la malka. Hakuwa na pa kumshika. Alivua koti lake mwenyewe, akamfunika, akasimama, na badala ya kukimbilia kwao akavuka mahindi kuelekea mlango aliokuwa akisomea.

Ua ulikuwa umejaa watu. Wanawake walikuwa wakilia kwa kupokezana, wanaume wamesimama na panga zenye damu bado. Sora akasimama pembeni, akawatupia jicho wote, mara moja, vile mchungaji anavyofanya zizini. Asenath yupo. Watoto wake wapo. Majirani, shemeji, mama mkwe, wapo. Akamjua asiyekuwepo.

Asenath alimwona. Aliinuka, akachukua mchi uliokuwa kando ya kinu, akaja nao na kumpiga. Alimpiga begani, akampiga mbavuni, akampiga usoni mpaka pua ikavunjika na damu ikamfunika ndevu. Sora hakuinua mkono. Wanaume walitaka kusogea na panga zao, Asenath akawageukia na ule mchi.

"Asiguswe na mtu!" akapiga kelele. "Huyu ni wangu!"

Alipochoka, akaketi chini akalia. Sora akatembea hadi Garsen huku damu ikimdondoka, akajipeleka kituoni. Walipomuuliza bunduki ni ya nani, angeweza kusema iliibiwa, na wazee walikuwa wameshamwekea tayari uongo huo. Akasema, "Ni yangu. Nilimpa mimi."

Matokeo yalitoka akiwa jela. Hakuyauliza. Ya nini? Aliyefungwa kwa damu hapewi darasa. Siku moja akaitwa, kuna mgeni. Alidhani ni Qabale. Alikuwa Asenath, amejifunga leso nyeusi, amekonda. Hakumsalimu.

"Nilikwenda shuleni nikasoma mwenyewe," akasema. "Umepita, Sora. Umepita vizuri."

Asenath akainama, akafungua kikapu, akatoa chane ya ndizi mbivu, na kuiweka juu ya meza ya askari wa zamu.

"Mkungu mzima wamenikatalia kuingia nao. Ni wa mgomba ule wa jikoni. Alikuahidi, nami sitamfanya mume wangu mwongo."

Akajitwika kikapu, akaenda zake bila kugeuka. Askari alizigeuza zile ndizi, akazikagua, akamsukumia mfungwa. Sora alimenya moja. Machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni, lakini aliila yote, maana Komora alitaka aile.