Furaha alipoanguka karibu na makaa, nilirudi nyuma

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kwa sababu najua tunavyosimulia mambo haya hapa Uvira: tunataja umati, tunataja woga wa watu, na mwisho inaonekana hakuna aliyekosa. Mimi nilikosa.

Mimi ni relé wa mtaa wa Mulongwe, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba na jile, kizibao cha kituo cha afya, kufundisha watu. Kituo chetu kilipoweka Jumatano kuwa siku ya wagonjwa wa kifafa, nilipewa kazi ya kuwatafuta. Walikuwa wamefichwa. Wengine walikula kwenye sahani ya peke yao, kwa kuwa watu wanaamini ugonjwa huu unapita kwenye mate na povu.

Kila mlango nilisema: hakiambukizi, ni ugonjwa wa ubongo, vidonge vipo, mtu akianguka msaidieni. Jirani yangu Mama Furaha aliniamini kabla ya wengine. Binti yake, Furaha, akaanza vidonge, akaacha kuanguka, akaanza hata kukaanga mikate sokoni na mama yake. Watu walinunua, na mimi nilitembea kifua mbele.

Kisha mvua ikakata barabara, vidonge vya Furaha vikaisha na vipya vikachelewa kufika, na sisi wa kituo hatukulalamika.

Asubuhi moja nilikuwa sokoni mbele ya meza yao, nimevaa jile, nina mimba kubwa. Mama Furaha alikuwa ameenda kutafuta unga. Furaha akaachia kijiko, macho yakageuka, akaanguka kando ya mbabula iliyojaa makaa.

"Musimuguse!" akapiga kelele muuza sabuni. "Povu iko inatoka!"

Muuza mboga aliweka kikapu chake chini. "Relé si uko hapa? Weye ndiye unatufundishaka. Tumushike basi."

Nyuma yangu bibi mmoja akanivuta kitenge. "Na hiyo tumbo? Rudia nyuma, mwanangu. Mutoto atazaliwa nayo."

Kwetu mwenye mimba hatakiwi hata kumtazama mtu anayeanguka. Jibu la maneno hayo nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitoa kwa wajawazito wengi. Siku hiyo nilishika tumbo langu nikarudi nyuma.

Muuza mboga aliniona. Akaniangalia miguu, kisha uso, kisha naye akarudi nyuma. Wote wakarudi. Mkono wa Furaha ukaingia kwenye makaa mbele ya macho yetu, ukabaki humo.

Aliyemvuta ni mama yake, aliyekuja mbio unga ukimwagika. Alimlaza kwa ubavu, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Halafu akainua kichwa akatutazama. Nilijificha nyuma ya watu, na jile yangu ile ya rangi kali.

Kidonda kilipona, vidole vikabaki vimekunjika. Vidonge vilipofika, Mama Furaha hakuja kuvichukua. Sokoni walikuwa wanasema, "Relé mwenyewe aliogopa, basi ni kweli inaambukiza." Wazazi wengine nao wakaacha kuja. Muuguzi aliponiuliza kwa nini benchi la Jumatano liko tupu, nilimwambia watu wameenda kuvuna mpunga Bwegera. Uongo juu ya kosa.

Nilijifungua salama. Mtoto ni mzima, na kila nikimwangalia naona aibu, kwa sababu nilijua angekuwa mzima.

Mwishowe nilikwenda kwa Mama Furaha, mtoto mgongoni. Furaha alikuwa amekaa mlangoni, paji la uso limevimba. Alikuwa ameanguka tena.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Umurudishe kwa vidonge. Anaumia bure."

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Ulituogopa mbele ya soko yote. Sasa unakuja kuomba pardon ndani ya nyumba, kwa siri?"

"Nifanye nini?"

"Weye uko na mudomo. Enda useme kule kule. Wakikusikia, mutoto wangu ataweza kukaa katikati ya watu tena. Hapo tutaongea vidonge."

Nimeandika hapa kwanza, bila jina langu, kwa sababu bado naogopa. Najua hili silo aliloniomba.

Wewe unayesoma, mtu akianguka, msogeze mbali na moto na maji, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka aamke. Mgonjwa wako asiache vidonge kwa ghafla, na vikikosekana kituoni lalamikeni mapema, msinyamaze kama sisi. Na kama umevaa jile kama yangu, ogopa baadaye, ukiwa nyumbani kwako. Pale mbele ya watu, shika.

Kesho ni Jumanne, soko linajaa. Nitasimama mbele ya meza yao na kusema nilichofanya, kwa jina langu. Mama Furaha ameahidi kuja kusikiliza. Furaha amesema yeye haji, mpaka aone nimesema.