Nusu Mtu Ndani ya Begi

Mtaani walianza kumwita Dokta siku ile ile barua ya chuo cha udaktari ilipofika, kabla hata hajajua mlango wa darasa uko upande gani. Wazee wakawa wanamkunjia suruali katikati ya njia wamwonyeshe magoti. Naye hakuwanyima. Aliyabonyeza, akaguna, akasema, "Punguza chumvi." Goti na chumvi wapi na wapi! Lakini aliyasema kwa sauti nzito, na watu wakaondoka wanatembea vizuri kuliko walivyokuja.

Mama yake, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa redio ya habari hizo. Hukupimwa kiuno kwake bila kuambiwa mwanawe amefika wapi na masomo. Ila kuna jambo moja ambalo redio ile haikulitangaza, kwa kuwa haikuwa na habari nalo: Dokta alikuwa ameanguka mtihani wa mifupa.

Si kwamba majina hakuyajua. Ya Kilatini alikuwa ameyameza kama dawa ya minyoo. Tatizo ni kwamba katika mtihani ule unasimamishwa mbele ya meza yenye mfupa mmoja, na haitoshi kuutaja jina. Useme pia ni wa upande gani, kulia au kushoto. Hapo Dokta alikuwa akibahatisha, na siku ile bahati haikuamka naye. Mtihani wa marudio ulipangwa Jumatatu. Barua ilisema bila kuzunguka: akianguka tena, afungashe virago.

Basi akatengeneza ratiba. Wallahi ilikuwa ratiba nzuri, ilimchukua siku mbili nzima na rula. Kijani ni kusoma, nyekundu ni kupumzika. Alipomaliza, nyekundu ilikuwa imetapakaa kote, ratiba imefanana na mtoto mwenye surua.

"Ubongo unahitaji kupumua," alimweleza mwenzake wa chumbani.

"Wako umepumua mpaka una mafua," akajibiwa.

Alhamisi binamu yake akapiga simu. Binamu huyu kazi yake ni kufunga spika kwenye maonyesho, na Jumamosi mchana kulikuwa na onyesho la wachekeshaji na muziki huko kwao, mji ulio kando ya ziwa.

"Kuingia bure, unapita na mimi mlango wa nyuma," binamu alisema.

"Nina mtihani, ndugu yangu."

"Basi ni saa tano kuja, saa tano kurudi. Hizo ni saa kumi za kukaa na kitabu. Chumbani kwako ungekaa saa kumi wewe?"

Dokta akaipima hesabu ile, akaiona haina kasoro. Sisi tulioacha shule mapema tungeiona kasoro yake tukiwa tumefumba macho, lakini yeye alikuwa msomi.

Ili moyo usimsute, akabeba begi la mifupa. Mtunza stoo wa chuo huwaazima wanafunzi mifupa halisi ya mtu wiki ya mtihani, pamoja na barua ya ruhusa. Begi Dokta alilibeba. Barua aliiacha mfukoni mwa suruali nyingine, na suruali hiyo alikuwa ameiloweka kwenye beseni.

Ijumaa, wakati wa kwenda, alilala usingizi saa zote tano, mdomo wazi. Jumamosi alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na hizo ndizo mbavu pekee alizozishughulikia siku hiyo. Aliogelea, akacheza pool, akala aiskrimu mbili. Begi lilikaa chini ya kitanda cha binamu, zipu haikuguswa. Jumapili asubuhi, alipopanda basi la kurudi, ndipo akakumbuka kesho ni siku gani.

Saa mbili mbele, basi likasimamishwa kwenye kizuizi cha ukaguzi. Askari wa kike akapanda, akapita akibonyeza mizigo, akafika kwa Dokta.

"Hili la nani?"

"Langu, afande."

"Lina nini?"

"Vifaa vya shule."

Akavuta zipu. Fuvu likamtazama.

Abiria wa kwanza kuliona alikuwa bibi mmoja wa kiti cha pili, na sauti yake ilifika hadi kwa waliolala nyuma. "Jamani! Humu tumepanda na marehemu!"

"Bila tiketi!" akadakia kondakta, maana kila mtu na uchungu wake.

Watu wote wakashuka. Dokta akasimamishwa mbele ya meza ya askari pembeni mwa barabara, begi wazi, abiria wamemzunguka.

"Mimi nasoma udaktari, afande. Barua ipo, ila... ipo kwenye beseni."

"Beseni," askari akarudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Sawa, daktari. Kama ni kweli, taja. Hiki nini?" akauliza, akimkabidhi kimfupa cha duara.

Dokta akataja kwa Kilatini, haraka haraka, shingo imenyooka.

"Hapana, hapana. Kwa hicho Kilatini ukinitukania mama yangu nitajuaje? Taja kwa Kiswahili."

Dokta akageuza kile kimfupa cha duara mkononi. "Hiki ni... kile cha... pale gotini."

"Kilegesambwa!" bibi akapiga kelele. "Ee Mungu wangu, daktari hajui kilegesambwa! Mwanangu, ndio utatutibu wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Hapo likajitokeza jibaba moja lililokuwa limelala tangu stendi, likapasua kundi. "Nipisheni. Nina bucha mwaka wa ishirini na sita. Mfupa haunidanganyi." Akalichukua fupa la paja, akalipima mkononi. "Dogo, hili la mguu gani?"

Swali lile lile! Dokta akajitosa. "La... kushoto?"

"Unaniuliza mimi? Acha kubahatisha kama mcheza bahati nasibu. Chukua, jiwekee mwenyewe pajani. Hiki kichwa cha mviringo kitazame ndani, kinaingia kwenye nyonga. Huu mstari mkali ukae nyuma. Haya, weka mguu wa kushoto."

Dokta akaweka. Kichwa kikatazama nje, barabarani.

"Umeona? Limekataa. Weka kulia."

Akaweka kulia, likakaa kama limezaliwa hapo.

"La kulia, mzee!"

"Mwili wako ndio daftari, mjinga wewe. Ng'ombe hajawahi kuniandikia kulia na kushoto, na sijakosea."

Wakaendelea. Muundi, kulia. Fupa la bega, kulia. Mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, ukawasumbua, mpaka dereva akavua shati ili wapime kwake kwa kuwa ni mwembamba, wakauona: kulia. Kilegesambwa kikamshinda hata mzee wa bucha, na hapo ndipo Dokta akakumbuka neno alilosikia darasani siku alipokuwa akichora ratiba: kilaze upande wake laini, ncha ielekee mbele, kitaegemea upande wake chenyewe. Akakilaza mezani. Abiria wakainama kama wanatazama karata ya mwisho.

"Kulia!" wakapiga kelele wote, askari akiwemo.

"Mbona kila kitu kulia?" askari akauliza, akirekebisha kofia.

"Chuo kinatuazima nusu nusu, afande. Mtu mmoja tunagawana wawili. Wa kushoto anaye mwenzangu."

Mzee wa bucha akatikisa kichwa akiridhika. "Mwizi angebeba ovyo ovyo. Hii ni nusu safi. Mwache aende."

Askari akafunga zipu mwenyewe. "Nenda. Na hiyo barua ikikauka, tembea nayo."

Saa tatu zilizobaki hakuna aliyelala. Begi lilizunguka kiti hadi kiti, na bibi wa kiti cha pili hakukubali kurudisha kisigino mpaka ataje upande wake sawa mara tatu.

Jumatatu Dokta alizunguka meza zote ishirini, kengele ikilia kila baada ya dakika mbili. Kila mfupa alijiwekea mwilini. Kwenye meza ya saba alinyanyua mguu, kwenye ya kumi na mbili alijikuna bega kwa fupa la bega la mwingine, na wenzake wakaanza kumhurumia.

Wiki iliyofuata matokeo yakabandikwa. Mbele ya namba yake hapakuwa na alama. Paliandikwa tu: amwone mwalimu.

Mwalimu wa mifupa alikuwa mama mkali, anayevaa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kumtilia mtu shaka. Alivaa ule wa pili.

"Mwanzo ulipata thelathini na moja. Sasa themanini na nne. Pande zote ishirini umepata. Nani alikupa majibu?"

"Hakuna, mwalimu."

Akafungua droo, akamrushia mfupa. Dokta akaudaka, akapiga goti moja sakafuni, akaupimia kwenye muundi wake, akainua uso. "Kushoto."

Mwalimu akatoa mwingine. Kisha mwingine. Wa nne aliutoa kwa udadisi tu, shaka imekwisha. Akachukua kalamu, akaandika alama kwenye karatasi ya matokeo, akatia sahihi. Dokta, bado amepiga goti, akavuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu Ijumaa ile ya kusafiri.

"Njia hii sikuwafundisha mimi," mwalimu akasema. "Ulisoma na nani?"

"Tulisoma kwa kikundi, mwalimu."

"Vizuri. Kikundi cha watu wangapi?"

Dokta akahesabu kimoyomoyo, maana hakutaka kumpunja mtu. "Arobaini na nane, mwalimu. Pamoja na dereva."